Walburga na Turbo Iliyokaa Kimya

Hapa Mshangano, Songea, ukiulizia fundi wa turbo utaelekezwa kwa mwanamke. Anaitwa Walburga Hyera. Madereva wa malori ya makaa ya mawe wanamwita Mama Turbo, naye anaitika. Si fundi wa gari zima. Breki hagusi, gia hagusi. Ukimpelekea turbo ananawa mikono kwanza, anaishika kwa ncha za vidole, anaigeuza polepole kama mtu anayechagua yai.

Kwa asiyejua, turbo ni feni mbili juu ya chuma kimoja chembamba. Moshi wa injini ukitoka unazungusha feni ya upande huu. Hiyo inazungusha ya upande ule, na ya upande ule inaisukumia injini hewa. Injini ikipata hewa nyingi inapata nguvu. Turbo ikifa, lori la tani thelathini linapanda kilima kama mimi ninavyopanda ngazi za kanisa. Linafika, lakini watu wamechoka kulisubiri.

Walburga alizaliwa Peramiho. Baba yake, Mzee Pankrasi, alikuwa fundi kwenye karakana ya misheni. Alikuwa na watoto wa kiume wanne na hakuna aliyetaka grisi. Mmoja ni katekista, mmoja mwalimu, wawili wako Dar es Salaam na hawasemi wanafanya nini. Walburga ndiye alikuwa anapeleka chakula cha mchana. Alikuwa anakaa kungoja sufuria. Baadaye akawa anakaa hata sufuria ikiisha. Huko ndiko alikojifunza.

Akaolewa na dereva. Siku moja mume akaenda Makambako na lori, na lori likarudi na dereva mwingine. Walburga hakumfuata. Alihamia huku na binti zake wawili, akawa anakaanga maandazi kando ya barabara ya Njombe.

Hapo ndipo Rupert alipomkuta. Rupert ni dereva wa makaa, mtu wa Mbinga, mrefu, mbishi. Lori lake lilikata nguvu mbele ya karai la maandazi. Walburga akafuta mikono, akamwambia kaka, mpira wa turbo umechomoka, angalia upande wa chini. Rupert alicheka sana. Akakaa pale siku mbili akimngoja fundi wa mjini, akila maandazi yaleyale. Siku ya tatu akampa spana.

Sisi tulikuwa na banda la mashine ya kusaga. Mke wangu, Brigita, akasema mpe Walburga banda. Nikasema banda ni la mashine. Akasema mashine ipi. Nikaenda kufungua banda, maana mashine ilikuwa haijaunguruma tangu watu wahamie kwenye za umeme. Ndivyo gereji ilivyoanza, na ndivyo Brigita alivyopata mahali pa kuuzia chai.

Brigita alifariki mwaka jana, Kwaresma. Chai sasa nachemsha mimi. Haifanani na yake. Madereva wanakunywa na hawasemi kitu.

Nieleze kidogo namna Walburga anavyofanya kazi, maana bila hiyo jambo la Kassimu halieleweki.

Lori likifika, haweki spana kwanza. Anamwambia dereva awashe, aache injini iungurume taratibu. Anachukua bisibisi yake ndefu, ncha anaiweka kwenye turbo, mpini anauweka sikioni. Anafumba macho. Turbo nzima inaimba kwa sauti nyembamba, kama mbu aliye mbali. Mbovu inakwaruza. Iliyokufa haisemi kitu. Akishasikia anachukua chaki na kuandika juu ya chuma. Anaandika "Hai" au anaandika "Marehemu". Ikiwa hai anaisafisha kwa gunzi la mahindi lililolowekwa mafuta ya taa, na hakuna brashi inayotoa masizi kama gunzi. Ikiwa marehemu, dereva anawanunulia wote waliopo chai na chapati. Hiyo inaitwa chai ya msiba. Watu wanampa pole, wanamuuliza marehemu ameacha nini, wanakula.

Brigita alipofariki Walburga aliacha neno hilo. Kwa miezi aliandika "Mbovu" tu, na hakuna aliyedai chai. Ni mimi niliyemwambia alirudishe. Brigita alikuwa anaupenda utani ule kuliko mtu yeyote.

Kwa miaka kumi na mitano hakuna dereva aliyeibishia chaki ya Walburga. Akiandika Marehemu, dereva hapeleki kwingine kuuliza. Anaagiza nyingine. Yeye mwenyewe aliniambia siku moja kwamba hana cheti, hana ukuta wa kutundika cheti, ana chaki tu. Siku watu wakiacha kuiamini atarudi kwenye karai.

Sasa Kassimu.

Kassimu ni mfanyabiashara wa korosho kutoka Namasakata, huko Tunduru. Mtu mnene, mcheshi, ana wake wawili na watoto saba. Mtu huyo akaagiza kutoka Japani gari la viti viwili. Ukimuuliza kwa nini, anasema aliona rangi. Rangi ni ya bluu, na kweli inapendeza. Gari liko chini sana. Ukiingia unakuwa kama umeketi kwenye mkeka, na tuta la barabarani Kassimu analivuka kiupandeupande ili tumbo lisikwaruze.

Ila jambo kubwa ni injini. Haina pistoni. Ndani kuna chuma cha pembe tatu kinachozunguka, kinazunguka tu, hakipandi wala hakishuki. Mafundi wa Tunduru walifungua boneti wakafunga. Wa Masasi naye akafunga. Kila mmoja alisema injini hiyo haijui. Ugonjwa wenyewe Kassimu alikuwa anaueleza vizuri: likianza linakwenda, likifika mwendo wa katikati linakata pumzi, kama mtu aliyekumbuka ameacha mlango wazi nyumbani.

Basi mtu mmoja akamwambia Songea kuna mama anajua turbo. Akaja Jumatatu moja, jua kali, vumbi la Agosti. Akamwamkia Walburga shikamoo na mimi akaniamkia, akaomba maji kabla hata hajasema shida yake.

Walburga alitazama ndani ya boneti muda mrefu. Kisha akasema, "Ziko mbili."

Malori yetu yana moja. Hili dogo lilikuwa na mbili, ndogondogo, zimebanana bega kwa bega, na juu yake mipira myembamba ya hewa imesokotana kama nywele zisizochanwa. Walburga alikuwa hajawahi kuona kitu hicho. Lakini watu walikuwa wamejaa, Rupert yupo, Abuu dereva wa Tunduru yupo, wengine wanne wapo. Akaomba injini iwashwe. Akachukua bisibisi.

Ya kwanza iliimba. Ya pili akaisikiliza, akahamisha ncha, akaisikiliza tena. Kimya. Akatoa bisibisi sikioni, akachukua chaki, akaandika Marehemu.

Kassimu alipata pole nyingi. Rupert alimshika mkono kwa mikono miwili, akamuuliza kama wazee wa Namasakata wameshapewa taarifa. Chai ya msiba ilinyweka mpaka nikaongeza maji mara tatu.

Halafu likaja swali. Moja imekufa, imebaki moja. Atafanyaje? Walburga akasema kuna njia mbili. Kutafuta nyingine ndogo kama ile, ambayo hajui itapatikana wapi. Au kutoa zote mbili na kuweka moja kubwa, itoshe kazi ya wawili. Hapo gereji ikagawanyika. Sijawahi kuona watu wenye malori wakibishana hivyo juu ya gari ambalo hata magunia mawili halibebi.

Rupert alikuwa upande wa moja. Alisema lori lake lina moja na linabeba tani thelathini, je, gari la Kassimu linabeba nini, yeye na koti lake? Akasema kitu kimoja kikiharibika unajua ni kipi. Vikiwa viwili vinasingiziana.

Abuu alikuwa upande wa mbili. Alisema turbo kubwa ni nzito kuamka. Unakanyaga mafuta, unangoja, unangoja, halafu inakuja yote kwa mkupuo kama ng'ombe aliyekatika kamba. Ndogo inaamka mara moja. Waliotengeneza gari, alisema, hawakuwa wajinga kuweka mbili.

"Halafu wewe Kassimu," Abuu akasema, "nyumbani una wawili. Huku kwenye gari ndiyo umechoka?"

"Nyumbani wawili wote wanaongea," Kassimu akasema. "Hapa mmoja amenuna. Ndiyo maana nimekuja."

Watu walicheka mpaka mmoja akamwaga kikombe. Mimi wangu alikuwa mmoja na aliongea kwa wawili. Nilicheka pia, kisha nikaenda kuongeza kuni.

Mwisho wake Kassimu akamgeukia Walburga akamwambia yeye ndiye daktari, aseme. Walburga akasema weka moja kubwa. Kassimu akapiga simu Dar es Salaam palepale, akaiagiza. Gari akaliacha, akarudi Tunduru na basi, akaahidi kuja Jumamosi, inshallah.

Turbo kubwa ilifika Alhamisi kwa basi, ndani ya boksi lililofungwa kamba. Ilikuwa nzuri, inang'aa, kama sufuria ya harusi. Walburga akaiweka mezani, akaanza kufungua zile ndogo.

Mimi nilikuwa naosha vikombe. Gereji ilikuwa tupu, malori yalikuwa bado hayajaanza kurudi kutoka Makambako. Nikamwona amesimama. Ameshika ile turbo yenye chaki, amesimama tu. Nikajua kuna kitu, maana Walburga akisimama hivyo huwa anasali au amekosea.

Akaisukuma feni kwa kidole. Ikazunguka. Ikaendelea kuzunguka, laini, bila sauti. Akashika chuma cha katikati akakitikisa. Hakikucheza hata kidogo. Turbo iliyokufa chuma chake kinacheza kama jino la mzee, hilo hata mimi najua. Akanusa ndani. Hakuna oili. Hakuna mkwaruzo.

"Baba Fausta," akaniita. "Njoo uguse hapa."

Nikafuta mikono nikagusa. Nikamwambia hii ni nzima.

"Nzima kama imetengenezwa jana," akasema.

Alirudi kwenye gari akapiga magoti, akaingiza mkono alikotoa turbo, akapapasa. Akapata kilango kidogo cha chuma, kimefungwa. Kilango hicho kilikuwa kimezuia moshi usifike kwenye turbo ya pili. Kilikuwa na mkono mdogo, na mkono huo umeungwa na mpira mwembamba wa hewa. Akafuata mpira huo kwa kidole, ukapita chini ya mingine, ukapanda, ukashuka. Katikati ulikuwa umekauka kwa joto na umepasuka.

Akaukata pale penye ufa. Kipande kilichobaki upande wa kilango akakitia mdomoni akavuta, vilevile tunavyovuta dizeli kwenye pipa. Kilango kikafunguka. Akaachia, kikajifunga. Akavuta tena, kikafunguka. Alikuwa na masizi puani na mpira mdomoni, na alikuwa anacheka kwa macho kama msichana.

Akanieleza. Gari hili si kama lori. Kwenye lori turbo inafanya kazi tangu unapowasha. Hili lina zamu. Mwendo ukiwa mdogo ya kwanza inafanya kazi peke yake, na ya pili inakaa imefungiwa nje. Mwendo ukipanda, gari lenyewe linafungua kilango na ya pili inaingia. Mpira ulipopasuka kilango hakikufunguka tena, ndiyo maana gari lilikuwa linakata pumzi pale katikati. Na hata gari likiwa zima kabisa, ukisikiliza kwa bisibisi injini ikiwa inaunguruma taratibu, ya pili utaikuta kimya.

"Haikufa," akasema. "Ilikuwa inangoja kuitwa."

Kisha kicheko kikafutika usoni. Akakaa kwenye ndoo.

Nikajua anawaza nini. Ilikuwa wazi kama mchana. Turbo kubwa iko mezani. Kassimu mwenyewe ameitaka, ameinunua, ameingojea. Kuiweka inabidi bomba la moshi likatwe na kuchomelewa upya, na likikatwa zile mbili hazirudi tena. Akiifunga, gari litakwenda. Kassimu ataondoka na furaha. Hakuna mtu Songea nzima atakayejua kwamba Walburga aliandika Marehemu juu ya kitu kizima, bila kukifungua. Akisema, Rupert atajua. Rupert akijua, kesho yake Makambako watajua, na Mbinga, na kila penye mzani wa malori.

"Umeona mwenyewe," akaniambia.

"Nimeona."

"Wewe ungefanyaje?"

Nikamwambia mimi nilikuwa msaga mahindi. Hakulipenda jibu hilo. Akasema Brigita angekuwepo angemjibu. Nikasema Brigita angekuwepo angekuwa ameshamwambia Kassimu kwa simu. Akacheka kidogo, akafunika gari kwa turubai, akaenda nyumbani mapema.

Ijumaa asubuhi nilimkuta ameshafika. Ameshika grainda mkononi, imeunganishwa na umeme, na bomba la moshi liko wazi mbele yake. Nikachochea moto. Sikuangalia upande ule sana. Nilingoja nisikie mlio wa chuma kukatwa. Haukuja. Baadaye nikasikia anachomoa waya ukutani.

Siku nzima hiyo alibadilisha mipira. Alikwenda dukani mjini akaja na mita kadhaa za mpira mpya. Alitoa mmoja, akafunga mmoja, na kila aliougusa aliufunga uzi alioutoa kwenye kitenge chake, mwekundu, wa kijani, wa njano, asichanganye. Niliacha kuhesabu ilipofika thelathini na nane. Jioni kitenge kilikuwa hakina upindo, na turbo mbili zilikuwa zimerudi mahali pake.

Jumamosi Kassimu akafika na basi la asubuhi. Alikuja na korosho zilizobanguliwa, mfuko mzima, akagawa. Madereva walikuwa wengi kuliko Jumatatu, maana habari ya turbo kubwa ilikuwa imesambaa na kila mtu alitaka kusikia inavyoamka. Rupert alishakaa mbele.

Kassimu akaiona turbo kubwa bado iko mezani. Akauliza kama kuna shida.

Walburga alikuwa amevaa khanga safi. Akasimama kando ya gari akasema, kwa sauti ya kawaida, kila mtu akasikia:

"Kassimu mwanangu, nilikuambia moja imekufa. Haikufa. Sikuifungua, nilisikiliza tu, nikaandika. Nimekosea."

Hakuna aliyetafuna korosho. Akawaeleza habari ya kilango na ya zamu, kama alivyonieleza mimi. Akaonyesha mpira uliopasuka, ukapita mkono kwa mkono. Ulipofika kwa Rupert aliushika muda mrefu akiuchungulia kama atamwona mtu ndani.

Kisha akamwambia Kassimu achague upya. Akamwambia kweli yote, na hapo ndipo nilipomheshimu zaidi. Kubwa ina mipira michache na haina kilango. Ikiharibika, fundi yeyote kutoka hapa mpaka Tunduru ataiweza, na gari halitamlaza njiani. Lakini itachelewa kuamka, kama Abuu alivyosema. Mbili zinaamka mapema na zinasaidiana. Ila zina mipira thelathini na nane, au zaidi, na anayeijua hapa ni yeye peke yake, na ameijua juzi.

"Mama ungekuwa wewe?" Kassimu akauliza.

"Mimi ningebaki na mbili. Lakini Jumatatu mimi nilisema moja. Nenda barabarani ukaamue mwenyewe."

Kassimu akamtaka aingie naye. Akakataa, akasema akikaa humo itakuwa kama amemshika mkono. Rupert akasimama kuingia yeye. Akakataliwa, ana upande. Abuu vilevile. Nikaambiwa niingie mimi kwa kuwa sina upande wowote. Kuingia kulikuwa kazi, kutoka kulikuja kuwa kazi zaidi.

Tukashika barabara ya Njombe. Tuta la kwanza tulilivuka kiubavuubavu. Baada yake Kassimu akakanyaga, na gari likaondoka palepale, halikungoja. Hiyo ndiyo turbo ya kwanza. Likapanda mwendo, likafika pale katikati ambapo Kassimu alikuwa anasema linakata pumzi. Nikamwona ameng'ang'ania usukani. Kikapita kitambo kidogo sana, kama mtu anayepokezana mzigo na mwenzake. Kisha mgongo wangu ukabanwa kwenye kiti na mashamba ya pembeni yakawa hayaeleweki.

Kassimu alikuwa anasema alhamdulillah na mimi nilikuwa nacheka. Nilicheka mpaka nikakohoa. Yeye akafikiri naogopa, akapunguza. Nikamwambia aende, nani kamwambia apunguze.

Tulirudi vumbi lote la barabara nzima limenikaa kichwani. Kassimu akatoka, akashika kiuno, akasema, "Kutoka hapa mpaka Namasakata ni matuta. Kila kijiji matuta. Nikingoja kubwa iamke nitakuwa nimeshafika kwenye tuta jingine. Nabaki na mbili."

Abuu akarusha kofia yake juu. Ile kubwa ikarudishwa kwenye boksi, wenye duka walikubali kwa simu kuipokea kwa kuwa haijaguswa. Kassimu akaondoka kabla ya adhuhuri. Walburga alimfundisha kuvuta mpira kwa mdomo, endapo.

Mambo yangeishia hapo. Lakini Rupert alikuwa bado amekaa, na mpira uliopasuka bado uko mkononi mwake.

"Mama Turbo," akasema. "Ile yangu ya mwaka juzi. Uliifungua?"

Walburga alikuwa anakusanya spana. Akaacha.

"Sikuifungua."

"Na ya Abuu?"

"Sikuifungua. Nyingi sikuzifungua. Nilisikiliza."

Rupert akatikisa kichwa, akapanda lori lake, akaondoka bila kuaga. Wengine nao wakaondoka mmojammoja. Jumapili hakuna kazi. Jumatatu hakuja mtu. Jumanne hakuja mtu. Walburga alifagia gereji mara mbili kwa siku. Aliniuliza kama bado tuna lile karai lake la maandazi, nikamwambia sijui liko wapi. Nilikuwa najua.

Jumatano kabla ya saa nne lori likasimama. Alikuwa Abuu. Akashuka na turbo kuukuu kwenye kiroba. Alisema mama yake huko Mbesa alikuwa anaitumia kuzuia mlango. Akaiweka mezani.

"Fungua," akasema.

Walburga akafungua. Akamwambia Abuu alete kidole chake mwenyewe, aguse. Chuma kilicheza kama jino. Ndani kulikuwa kweusi na kumekwaruzika. Abuu akatazama, akagusa tena, akasema sawa, huyu kweli tulimzika kwa haki. Akampa mkono.

Nadhani aliwapigia simu wenzake. Kufika Ijumaa zilikuwa zimeletwa nane. Zilitoka chini ya vitanda, zilitoka mabandani kwa kuku. Moja ilikuwa imepandwa ua. Walburga alizifungua zote mbele ya wenyewe, na kila mmoja aligusa kwa kidole chake kabla yeye hajasema neno. Zote zilikuwa zimekufa kweli. Kila moja ilipothibitika kulikuwa na kelele kama za uwanja wa mpira, watu wanashangilia vyuma vibovu. Walburga alianza kusimama wima tena.

Rupert alikuja wa mwisho, Jumamosi. Alikuwa ameibeba yake kwa shati, bila mfuko. Hakusalimia watu. Akaiweka mezani akarudi nyuma hatua moja.

Walburga akaifungua. Rupert akagusa. Akagusa Walburga. Chuma kilicheza, lakini kidogo, kidogo sana. Feni ikazunguka vizuri, ikasimama mapema. Hakukuwa na mkwaruzo. Oili kidogo ilikuwepo. Walburga akaipeleka kwenye mwanga, akairudisha, akaigeuza. Wengine walikuwa wameanza kutabasamu, wengine walikuwa wanamtazama Rupert.

Angeweza kusema imekufa. Nani angebisha, baada ya nane?

"Hii sijui," akasema.

"Hujui?" Rupert akasema.

"Sijui, kaka. Inaweza kuwa niliizika ikiwa hai, inaweza kuwa ilikuwa imekufa kweli. Niachie niioshe, niipime vizuri. Jumanne nitakuambia."

Rupert alimtazama kwa muda. Lori lake lilikuwa linaunguruma barabarani, na kutoka hapa mpaka Makambako mafundi wengine wa turbo wapo, anawajua kwa majina. Akaingiza mkono mfukoni, akatoa funguo, akaenda akazima injini. Akarudi ameshika mpira alioutoa kwenye turbo ya lori lake, ile anayotembelea nayo sasa.

"Basi na turbo hii itazame," akasema. "Tangu jana inakohoa, na mimi sitaki fundi anayejua kila kitu."